Makala iliyonipa jina ndiyo nisiyoiamini tena

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuifuta. Ya kwanza nilimlaumu msimamizi wangu, ya pili nikajilaumu mwenyewe, ya tatu ikawa ndefu hata mimi nikachoka kuisoma. Hii naituma kabla sijaghairi.

Nina miaka 43, nafundisha biolojia ya seli katika chuo kimoja hapa Mwanza. Nimeolewa na nina watoto wawili, mkubwa yuko kidato cha nne. Mume wangu ananunua dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuwasafirisha. Mama yangu yuko Ukerewe, na huko kisiwani mimi ni profesa tangu siku niliyopanda meli kwenda kusoma Ulaya. Nikimwambia bado, ananijibu, "Watakupa tu."

Mwaka huu kweli wanaweza kunipa. Jalada langu la kutoka mhadhiri mwandamizi kwenda profesa mshiriki limeshafika kwenye kamati. Nina makala 19 zilizochapishwa. Kwa hesabu ya Google Scholar zimenukuliwa mara 402, na h-indeksi yangu ni 8. Najua kuna watu huko nje watacheka, lakini kwa maabara yenye friza moja na jenereta inayokohoa, najiona nimelima.

Sasa kilio changu. Katika hizo 402, nukuu 236 zinatoka kwenye makala moja. Niliiandika nikiwa mwanafunzi wa uzamivu, ikatoka 2013, mimi nikiwa mwandishi wa kwanza. Ilihusu kichocho cha tumbo, ambacho huku ziwani kila mtu anakijua. Minyoo wanataga mayai, mengine yanakwama kwenye ini, na ini linajenga makovu kuyazunguka. Sisi tulidai kwamba seli za ini zenyewe, zikiguswa na protini za mayai hayo, hutoa ishara inayoharakisha makovu. Watu waliipenda. Ndiyo iliyonipatia ruzuku ya kwanza, ndiyo wananitambulisha nayo mikutanoni, na ndiyo iko juu kabisa kwenye jalada.

Mwezi wa pili mwanafunzi wangu wa shahada ya pili aliingia ofisini akafunga mlango. Ni kijana mpole, wa kuongea na viatu vyake. Alikuwa anarudia sehemu ya kazi ile kwa ajili ya tasnifu yake. Akasema, "Mwalimu, samahani, nadhani hizi seli siyo za ini." Seli zinaitwa Chang Liver. Alikuwa amelikuta jina hilo kwenye orodha ya kimataifa ya seli zilizotambuliwa kimakosa. Nikamwambia tusibishane, tupime. Tulitoa kichupa nilichorudi nacho kutoka Ulaya, tukatuma sampuli nje ikapimwe vinasaba. Majibu yalisema ni HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi. Ini halimo humo hata chembe.

Kilichonichoma ni kwamba haikuwa siri. Wanasayansi walishaonyesha jambo hili tangu miaka ya 1960, kabla sijazaliwa. Mimi sikusoma. Nilipewa kichupa kimeandikwa ini, nikaamini lebo.

Nilimwandikia msimamizi, sasa ni mstaafu. Alijibu siku ileile, mistari minne: wakati ule wengi walikuwa wanazitumia, sayansi imeshasonga mbele, usijichomee nyumba mwenyewe. Waandishi wenza wengine wapo wanne, na mmoja ana cheo kikubwa Dar es Salaam. Sijathubutu kumpigia. Mume wangu nilimweleza kwa mfano wa mizani. Akasema, "Mizani ikigundulika mbovu mnaitoa, mnaleta nyingine. Wateja wa mwaka juzi hamwaiti warudi." Halafu akaniuliza, "Kwani umeiba?" Sijaiba. Lakini silali.

Niseme pia kwamba picha kuu za makala ile ni sita. Nne ni za seli hizo. Mbili zinatokana na ini la panya, na hizo bado naziamini. Na kuna binti mmoja wa Uganda, mwanafunzi wa uzamivu, aliniandikia Desemba kwamba amehangaika miezi minane kupata matokeo yetu kwa seli nyingine za ini na hayatoki. Nilimjibu aangalie joto la mashine yake. Hapo nilikuwa bado sijajua. Hajaandika tena.

Naona njia tatu. Ninyamaze, au nisubiri nipande cheo ndipo niseme, au niseme sasa. Nikisema sasa nukuu 236 zinaondoka, nabaki mtu wa nukuu 166, na mbele ya kamati nitakuwa nimejivua nguo. Halafu kijana wangu. Hajaniuliza tena. Tukikutana koridoni ananiamkia na kutazama chini.

Nisaidie kufikiri.

Mama wa Seli, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Umeniandikia kama mtu mwenye tatizo moja, na mimi naona mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni kosa la kichupa. Hilo ni la kisayansi, limewapata wengi na lina njia zake. La pili ni hofu ya kuhesabiwa upya, kwamba ukitoa 236 kwenye 402 anayebaki ni mtu mdogo. Nadhani hili la pili ndilo linalokukosesha usingizi, na ndilo linalolifanya la kwanza lionekane kubwa kuliko lilivyo. Au pengine dogo kuliko lilivyo, tutaona.

Kwa wasomaji wageni: kabla ya kiti hiki nilikuwa mkutubi wa chuo kwa miaka mingi. Nilipokea majarida ya sayansi yaliyofika kwa posta yakiwa yamechelewa nusu mwaka, na mengine yameliwa na panya kabla hata hayajasomwa na mtu. Kwa hiyo hizi namba zinazowatoa jasho nazijua tangu hazijawa na makali. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield aliandika makala akipendekeza faharasa ya nukuu za kisayansi. Unajua alitaja faida gani? Kwamba itapunguza tabia ya kunukuu bila kuhoji data za udanganyifu, pungufu au zilizopitwa na wakati, kwa sababu msomaji makini ataweza kufuatilia ukosoaji uliotolewa dhidi ya makala ya zamani. Yaani nukuu zilianza kukusanywa kwa ajili ya mtu kama yule kijana wako. Baadaye zikawa mizani ya majarida, ili sisi wakutubi wenye bajeti ya shilingi mbili tujue tulipie lipi na tuache lipi. Kuwapandisha watu mle kwenye mizani kulikuja baada ya hapo.

Sasa tupige hesabu, maana umezitaja namba wewe mwenyewe. H-indeksi ni wazo la mwanafizikia Jorge Hirsch, la mwaka 2005: una 8 ikiwa una makala 8 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 8. Kwa kipimo hicho makala iliyonukuliwa mara 236 na makala iliyonukuliwa mara 8 zina uzito uleule. Kila moja ni tofali moja. Ukitoa tofali moja, namba haiwezi kushuka zaidi ya moja. Utabaki na 7, na kama makala yako ya tisa imenukuliwa mara 8 utabaki na 8 ileile. Kinachoporomoka ni jumla. Tena hata hiyo haiporomoki kama unavyoiwaza usiku, kwa sababu makala ikiondolewa jaridani haifutwi duniani. Inabaki mtandaoni na alama ya kuondolewa, na nukuu zake mara nyingi zinaendelea kuhesabiwa. Sikwambii haya ili ufurahi. Nataka utofautishe tu kile ambacho kamati inaweza kukupunguzia na kile unachojipunguzia mwenyewe ukiwa kitandani.

Halafu hizo 236 zenyewe, umewahi kuzifungua? Naona umezihesabu. Kunukuliwa na kuaminiwa ni vitu viwili. Makala iliyonukuliwa kuliko zote katika historia ya sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya 1951, zaidi ya mara 300,000, na ni maelezo ya namna ya kupima kiasi cha protini kwenye sampuli. Watu waliinukuu kwa sababu waliitumia, kama vile mapishi yanavyomtaja mwenye sufuria. Na hapa kwetu kuna mfano ninaoupenda. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, ulioonyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima ikaijua Mwanza. Mwaka 1999 jarida hilohilo likatoa utafiti wa Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa, ambako waliwatibu watu kwa wingi kwa mzunguko na maambukizi ya VVU hayakupungua. Miaka ikapita watu wakizinukuu zote mbili pamoja, wakibishana kuhusu hatua ya janga katika kila eneo na namna matibabu yalivyotolewa. Nukuu nyingi za utafiti ule wa Mwanza ni za watu walioukuta na swali mkononi.

Kwa hiyo kaa jioni mbili tatu uzifungue zako. Zipo zitakazokutaja katika sentensi ya utangulizi pamoja na watu wengine sita, kwamba kichocho kinaumiza ini, na hizo hata HeLa haziwezi kuzigusa. Zipo zitakazotegemea zile picha mbili za panya. Na zipo zilizojenga juu ya picha nne. Hizo za mwisho ndizo zinazokuhusu kweli, na idadi yake huijui wala mimi siijui. Inaweza kuwa 12, inaweza kuwa 90. Maamuzi ya mtu wa 12 na maamuzi ya mtu wa 90 yanaweza yasifanane.

Neno siri pia naliwekea alama ya kuuliza. Unaogopa kufichua, lakini jina Chang Liver si limeandikwa kwenye sehemu ya mbinu ya makala yako? Kama kijana wa shahada ya pili hapa Mwanza ameliona, mhakiki yeyote mwenye intaneti anaweza kuliona. Siri yako imechapishwa tangu 2013. Ambacho hakijachapishwa ni kwamba wewe unajua.

Uko na wengi, hilo ni kweli. Watafiti wawili wa Uholanzi walihesabu mwaka 2017 wakakuta makala 32,755 zilizofanyiwa kazi kwa seli zilizotambuliwa kimakosa. Mwanajenetiki Stanley Gartler alishatoa tahadhari mwaka 1966, alipochunguza seli za aina 18 zilizodhaniwa zimetoka kwa watu tofauti na kuzikuta zina alama ileile ya HeLa. Watu walimkasirikia. (Na mama ambaye seli za HeLa zilitoka kwake, Henrietta Lacks, alifariki Baltimore mwaka 1951 akiacha watoto watano. Seli zake zilichukuliwa bila kuombwa ruhusa, na mpaka leo zinaingia kwenye vichupa vya wenzao. Huwa namfikiria kila ninaposoma habari kama yako.) Lakini faraja ya kuwa na wengi ina upande wake wa pili. Namba ile imefika 32,755 kwa sababu kila mmoja alikuwa na msimamizi aliyemwambia sayansi imeshasonga.

Tuje kwenye kunyamaza. Sitakutisha kwamba ukinyamaza utakamatwa. Inawezekana kabisa usiulizwe na mtu yeyote mpaka unastaafu. Mumeo naye ana haki upande mmoja: hukuiba, na ni vizuri kuwa na mtu nyumbani wa kukuuliza swali hilo kwa sauti. Mfano wake wa mizani, hata hivyo, nimeuzungusha kichwani na unanikwama mahali. Mteja wa dagaa wa mwaka juzi alishakula, akaosha sahani. Wako bado wanapima kwa mizani yako asubuhi hii. Binti wa Uganda alitumia miezi minane. Katika barua yako ndefu umempa mistari michache, karibu na mwisho, na ukamalizia kwa kusema hajaandika tena. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Wakati unamjibu kuhusu joto la mashine ulikuwa hujui, sawa. Sasa unajua, na yeye pengine anadhani mikono yake ndiyo mibaya. Sijui kama alibadilisha mada, au aliambiwa na msimamizi wake kwamba hafai, au bado yuko palepale. Huyu ni mtu mmoja. Unaweza kuzungumza naye kabla hujaamua lolote kuhusu jarida, kamati wala cheo. Hatari ipo, maana ukimwambia yeye umeshaanza kusema, na barua pepe husafiri. Lakini katika yote uliyonieleza, hilo ndilo lisilohitaji ruhusa ya mtu wa Dar es Salaam.

Njia ya kusubiri upande cheo kwanza naielewa kuliko unavyodhani. Gharama za kidato cha tano zinakuja, na mama yako Ukerewe ameshakutangaza. Ninachokuomba ni kuangalia tarehe. Karatasi ya vinasaba ina tarehe, na kijana anaijua. Ukisema baada ya barua ya cheo, kuna atakayeziweka karatasi mbili mezani na kusoma ipi ilitangulia. Hapo kosa la lebo, ambalo mtu yeyote angelisamehe, litakuwa limepata ndugu mkubwa zaidi. Kwa upande mwingine, kuna watu waaminifu watakaokwambia kwamba kusahihisha makala huchukua miezi mingi hata hivyo, na hakuna kanuni inayosema kamati isikutane wakati mhariri anashughulika. Nao wana hoja. Katikati ya hao wawili kuna nafasi ya mtu kuandika waraka mfupi kwa mwenyekiti wa kamati, kwamba makala namba moja kwenye jalada imegundulika ina tatizo la seli, taratibu zimeanza, naomba msiipe uzito mpaka jarida liamue. Wapo watakaokupenda kwa waraka huo. Yupo pia atakayeshika neno "tatizo" akaliacha kwenye meza ya chai, na mji wetu unaujua: habari ya msomi ikitoka Bugando asubuhi, mchana iko Nyegezi.

Na kusema sasa? Tuanze na kilicho laini. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichunguza makala zilizoondolewa majaridani na kinachowapata waandishi wake. Kwa kawaida kazi zao nyingine nazo hupoteza nukuu. Lakini pale ambapo mwandishi mwenyewe ndiye aliyeripoti kosa, hasara hiyo haikuonekana. Mwaka huohuo Pamela Ronald, mtafiti wa mpunga wa Davis, California, aliondoa makala mbili baada ya maabara yake kugundua kwamba bakteria walikuwa wamewekewa lebo zisizo zao. Kichupa tu, kama chako. Walirudia kazi, na mwaka 2015 wakachapisha jibu sahihi. Mkemia Frances Arnold aliondoa makala yake Januari 2020 akiwa na Nobeli ya 2018 kabatini, akasema hadharani kwamba hakuifanya kazi yake vizuri.

Lakini mwanangu, nisikudanganye kwa majina hayo. Mwenye Nobeli akisema nimekosea watu humwita mnyenyekevu. Mhadhiri wa Mwanza mwenye friza moja akisema nimekosea, yupo atakayesikia "kumbe". Masikio mengi hayatofautishi makala iliyoondolewa kwa kosa na iliyoondolewa kwa kughushi, ingawa COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, inasema wazi kwamba makala inaweza kuondolewa hata kwa kosa lisilo na hila. Tangazo la jarida linaweza kuandikwa vizuri, lieleze nani aligundua na vipi, au likaandikwa ovyo kwa sentensi moja inayoacha kila kitu wazi. Una haki ya kuomba kuona maneno yake kabla hayajatoka. Na kwa picha sita ambazo mbili zimesimama, mhariri anaweza kuona sahihisho refu linatosha, anaweza kuona yote iondoke. Hilo huliamui wewe.

Wala huliamui peke yako. Waandishi wenza wana haki ya kusikia kwako kabla ya kusikia kwa mhariri. Msimamizi ameshajibu kwa mistari minne. Ningekuwa wewe ningemtumia karatasi ya vinasaba yenyewe, maana si ajabu alijibu hofu yake kuliko swali lako. Na huyu mkubwa wa Dar es Salaam umeshamwandikia hukumu kichwani bila kumpigia. Labda atawaka. Labda naye ana kichupa chake.

Umesema njia ni tatu. Mimi naona ya nne pembeni, haiondoi hizo ila inaweza kutembea nazo: kurudia jaribio. Zipo seli kama HepG2, za saratani lakini za ini kweli, na lipo ini la panya ambalo unaliamini. Kwa hadithi ya yule binti, huenda ishara mliyoiona haipo kabisa kwenye seli za ini. Huenda ipo kidogo, au ipo kwenye seli nyingine za palepale ndani ya ini. Utafiti unaosema hapana kuhusu jambo lililonukuliwa mara 236 ni utafiti wenye wasomaji wanaousubiri, hata kama hawajui kwamba wanausubiri. Tena unaweza kuwa na majina matatu juu yake, la kijana wako na la binti wa Uganda likiwemo. Gharama yake ni pesa, umeme, na mwaka mmoja au miwili ambayo ndani yake makala ya zamani inaendelea kusomwa kama ilivyo. Ukiitumia njia hii kama kichaka cha kujifichia, utajua mwenyewe.

Kuhusu kamati neno moja tu. Azimio la kupinga kuwapima watu kwa hadhi ya jarida lilizaliwa Desemba 2012 huko San Francisco, kwenye mkutano wa mwaka wa wanabiolojia ya seli wa Marekani. Wenzako wa fani yako ndio waliochoka kwanza. Uliza kimyakimya kama chuo chenu kimeweka saini. Kikiwa kimeweka una mahali pa kusimamia. Kikiwa hakijaweka, angalau utajua unaongea na nani.

Nimemwacha kijana kwa makusudi. Yule anayetazama chini koridoni hana ubavu wa kukuuliza, kwa sababu tasnifu yake iko mkononi mwako, na wewe ukifikiri amenyamaza kwa heshima yeye huenda amenyamaza kwa woga. Alifunga mlango, akakuambia ukweli, ukakubali kupima. Mpaka hapo mlikuwa walimu wawili. Tangu majibu yarudi hamjakaa tena. Hata kama bado hujaamua, mwite umwambie hivyohivyo, kwamba bado hujaamua, na kwamba tasnifu yake haitaumia kwa aliyoyaona. Sijui atakujibu nini. Vijana wa siku hizi wana majibu.

Na kile kichupa usikitupe, hata siku ukikasirika. Andika juu yake kwa kalamu isiyofutika majibu ya kipimo na tarehe, kirudishe kwenye friza, na hakikisha jenereta ina mafuta. Mama Ukerewe msalimie sana, na baba watoto pia. Akipata dagaa wa kukaanga wasio na mchanga, mwambie Shangazi yupo.

Shangazi